Nyumba ya Arobaini Pichani

Jumapili, 1 Septemba 1974

Mwalimu Theresia wa kisomo cha watu wazima amenipa daftari hili na kuniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, herufi zisije zikanikimbia. Nimemjibu kwamba herufi hazinikimbii, mimi ndiye ninayezikimbia. Hakucheka. Sijui niseme nini juu ya mwalimu asiyecheka akiona mzee wa miaka hamsini na mbili amejibana kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yamegusa kidevu.

Basi nianze. Mimi ni Nassibu, fundi cherehani, mnene kuliko cherehani yangu na mwenye kelele kuishinda. Tangu ujana watu wa huku Tingi hunichukua kupamba: chumba cha bibi harusi, uwanja wa maulidi. Napaka vitambaa rangi, nakata karatasi za shashi, nagandisha kimoja juu ya kingine kwa uji wa muhogo. Mke wangu Moza husema kazi yangu ni kulisha mende, maana uji ule mende wanaupenda kuliko mimi ninavyopenda wali. Na mimi wali naupenda.

Mwezi wa saba tulihamishiwa hapa kando ya barabara. Kijiji hakijapewa jina, sisi tunakiita Barabarani. Nyumba zimepangwa mistari kama vifungo vya shati. Mimi nilihama siku ya kwanza kabisa. Moza anasema ni kwa uzalendo. Anajua ni kwa uoga.

Jumatano, 4 Septemba

Katibu wa kijiji kaniita. Anaitwa Mikaeli, kijana wa miaka thelathini, suti ya kaunda, kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Anataka picha. Tarehe tisa Desemba, sikukuu ya Uhuru, vijiji vipya vitaonyesha kazi zao Lindi mjini, na yeye anataka kijiji chetu kizima kionekane ukutani, kwa kitambaa na karatasi, kikubwa kama tanga.

"Kila kaya itoe kipande cha nguo yake," akasema. "Kipande hicho kiwe ukuta wa nyumba yao. Paa weka karatasi. Viwanja arobaini, nyumba arobaini. Lindi wanataka kuona arobaini, fundi. Sitaki nione kiwanja kitupu."

Sikuwahi kuombwa kitu kikubwa hivyo. Nimerudi nyumbani natembea kama nimevaa viatu vipya.

Tatizo ni moja. Waliohama ni kaya thelathini na tisa. Ya arobaini ni ya mama mkwe wangu.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumekwenda Mtondoo anakoishi, mwendo wa saa moja kwa miguu, kumwamkia Bi Mwanaasha na kumwomba kipande cha nguo.

Bi Mwanaasha ni mama wa mke wangu wa kwanza, Mwanaima, aliyefariki uzazini yeye na mtoto, miaka kumi na sita sasa. Kaburi lao liko nyuma ya nyumba ya bibi, kati ya mikorosho. Ndiyo maana hahami. Anasema hawezi kumwachia fisi mwanawe.

Na mkwe kwetu hatazamwi usoni. Siingii ndani kwake, simwiti jina, hatusemezani ana kwa ana. Tukiwa na Moza, Moza hupokea maneno huku na kuyafikisha kule. Asipokuwapo mtu, bibi humsemesha kuku. Leo Moza alikuwapo, lakini bibi alikuwa na hasira, akaona kuku ni heshima zaidi kuliko mke mwenza wa marehemu mwanawe.

"We kuku," nikasikia kutoka kibarazani, mimi nimesimama mbali kwenye mkorosho nimetazama pembeni, "nasikia yule mnene siku hizi anachora nyumba."

Nami nikauambia mkorosho: "Ewe mkorosho, shikamoo. Tunaomba kipande kidogo tu cha kanga, tumchoree na bibi nyumba yake."

"Kuku, mwambie marahaba. Halafu mwambie nyumba yangu imesimama. Nyumba iliyosimama haichorwi."

Moza alicheka mpaka akakaa chini. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiniita Mnene wa Mkorosho.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeshona pande nne za nguo ya marekani kuwa moja, nikaloweka kwenye uji mwepesi wa muhogo, nikaanika juani. Kitambaa kimekakamaa kama ngozi ya ngoma. Mbingu nimepaka nila ya kufulia. Ardhi ni udongo mwekundu wa hapahapa, nimeuchuja kwa shuka ya Moza. Moza ameiona shuka yake.

Jumanne, 17 Septemba

Siku ya kwanza ya mfungo wa Ramadhani. Mtu mwenye tumbo kama langu akifunga, kijiji kizima hujulishwa.

Jumapili, 22 Septemba

Watu wanaleta vipande. Ukiwapa watu nafasi ya kuchagua ukuta wao wenyewe, utawajua. Mmoja kaleta pindo la shuka ya kitanda, kapasua sehemu isiyo na doa. Mwingine kaleta kipande cha kanzu ya baba yake. Paa nakata kwenye mfuko wa saruji, hiyo ndiyo karatasi ngumu, na ile ya gazeti naifanya kuta za shule, herufi zikionekana kidogo. Mwalimu Theresia alisoma ukuta wa shule yake akakuta tangazo la dawa ya minyoo. Alicheka! Nimeandika tarehe.

Jumatano, 25 Septemba

Mende wamekula msikiti. Nimeugandisha upya.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mistari ya mapaa naichora kwa mafuta ya ganda la korosho. Ukilichoma ganda linatoa maji meusi ambayo hayafutiki maisha, lakini yakikugusa yanakubabua. Vidole vitatu vimevimba. Moza kanilisha futari kama mtoto. "Ungechora kwa masizi kama watu," akasema. Masizi yanafutika, nikamwambia. Nataka hii ikae.

Jumanne, 8 Oktoba

Katibu kapita kuitazama. Kahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Thelathini na tisa.

"Na hapa?"

Nikasema bibi atahama tu, ni suala la siku.

"Mwezi huu nasafisha," akasema. "Magofu yote ya zamani yanashuka, watu wasipate pa kurudi. Mgambo wanapita kijiji kwa kijiji. Aliyemo ndani anatolewa, anapakiwa kwenye lori. Bibi mzee kwenye lori, fundi! Tena matuta ya huku!" Akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akasema: "Mimi shida yangu ni Lindi tu. Lindi wakiona arobaini, mimi sina ugomvi na mtu."

Sijaacha kuyafikiri maneno hayo tangu atoke. Lindi wakiona arobaini.

Alhamisi, 17 Oktoba

Idi. Bi Mwanaasha katuletea tambi na mabibo mawili makubwa kwa mkono wa mpita njia. Kwangu kulikuwa na salamu: je, kuku hajambo? Moza alicheka.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimefanya jambo, na nadhani ni jema.

Ndani ya mto wangu wa cherehani, ule wa kuchomeka sindano, nina kipande cha kanga ya Mwanaima, ya rangi ya zambarau, maua meupe. Leo nimekifumua. Nimekikata ukuta, nikakiweka kwenye kiwanja cha arobaini, nikakipa paa la karatasi ya saruji. Nyumba ya bibi imesimama pichani, nzuri kuliko zote. Basi Katibu anayo arobaini yake, na bibi anayo Mtondoo yake, na hakuna atakayepakiwa kwenye lori. Katika maisha yangu sikuwahi kuwa mjanja. Nimejisikia mjanja.

Moza alikitambua kitambaa. Alinisogezea bakuli la uji.

Jumatatu, 21 Oktoba

Katibu kaja. Kahesabu. Akafika arobaini akasimama.

"Bibi kahama?"

"Kahama," nikasema. "Yuko kwangu kwa muda, mpaka nyumba yake iishe."

"Lini?"

"Juzi."

Akatabasamu, akanipa mkono. Mkono wangu wenye malengelenge. Aliubana vizuri.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimelala usingizi mzuri.

Alhamisi, 24 Oktoba

Andika, Nassibu.

Asubuhi Sebastiani alikuja na mgambo wanne. Sebastiani ndiye mkuu wao, mtu wa bara huko milimani, mcheshi, shati lake la kazi nilitia viraka mwenyewe. "Fundi, twende Mtondoo," akasema. "Katibu anataka ushuhudie, maana ni mji wa wakwe zako. Lile gofu linashuka leo."

Ningeweza kusema papo hapo. Kwamba si gofu. Kwamba bibi yumo, nilidanganya. Nilifungua kinywa. Kikatoka kicheko, mimi ndivyo nilivyo, nikiogopa nacheka. Nikavaa viatu nikafuatana nao, na njiani nikajipangia: ni saa ya kuokota korosho, bibi huwa hayupo, anakuwa kule chini bondeni mpaka adhuhuri. Nitaziokoa nguo zake. Nitamwambia Moza amwambie. Nyumba ya udongo hujengwa tena. Akili ya mwoga ina kasi sana.

Tukafika. Mlango umerudishwa, haukufungwa kwa kufuli. Jiko halitoi moshi. Sikio langu likaniambia hakuna mtu, kwa sababu ndivyo nilivyotaka liseme.

"Tazama ndani, fundi," Sebastiani akasema.

"Kwa mkwe siingii."

Akacheka. "Hata sisi hatuingii. Basi piga hodi."

Nikasimama kwenye mkorosho, palepale ninaposimama siku zote, nikatazama pembeni, nikapiga hodi. Mara tatu, kama ipasavyo. Kimya.

"Kuna mtu?"

Nikasema, "Hakuna."

"Tumeambiwa neno lako linatosha," Sebastiani akasema, akawasha kijinga cha moto.

Paa lilikuwa la nyasi za mwaka juzi. Halikuwaka, lililipuka. Hesabu mpaka kumi. Ilipofika kumi mlango ulifunguka kwa ndani, akatoka Bi Mwanaasha, amelishika sanduku la bati kwa mikono miwili, na bati lilikuwa limeshaiva. Hakuliachia. Alitembea nalo mpaka katikati ya uwanja ndipo likaanguka, na ngozi ya viganja ikabaki juu yake.

Kanga ya kichwani ilikuwa imeungua ikadondoka. Alisimama mbele yangu kichwa wazi, nywele nyeupe fupi. Tangu nimwoe mwanawe, miaka ishirini na mitatu, sijauona uso wake. Nimeuona. Ni uso wa Mwanaima aliyezeeka.

Na mimi nilifanya nini? Niligeuka nikampa mgongo. Kwa heshima.

Mgambo mmoja alicheka kwa woga. Sebastiani akasema, "Fundi, ulisema hakuna."

Ijumaa, 25 Oktoba

Jana sikuyaandika yote. Moza kamuuliza bibi kwa nini hakuitika hodi. Alikuwa amelala na homa. Kasema: "Nilimsikia. Sauti yake naijua. Ningemjibuje? Hakukuwa na mtu wa kumtuma."

Jumapili, 27 Oktoba

Nilikwenda kwa Katibu kukiri. Nilikuwa nimejitayarisha kwa viboko, kwa mahabusu, hata nilikuwa nimevaa suruali nzito. Alikuwa anakunywa chai.

"Fundi, unadhani sikujua?" akasema. "Nilipita Mtondoo Jumamosi ile ile, hiyo juzi yako. Bibi akanifukuza na ufagio."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Nikisema mimi kwamba hakuna mtu, kesho yakitokea ya kutokea naulizwa mimi. Ukisema wewe, mkwe wake, mbele ya mgambo watano, nani ataniuliza?" Akanisogezea kikombe. "Kunywa. Halafu ile picha ongeza bendera, pale shuleni. Nyekundu usiweke, bendera yetu haina."

Nilikunywa chai ile. Ilikuwa na maziwa.

Jumanne, 5 Novemba

Bi Mwanaasha yuko kwenye kiwanja chake. Kiwanja cha arobaini kina kigingi kimoja na bibi mmoja. Kwangu hakai, mama mkwe halali kwa mkwe, na hata mila ingeruhusu asingekaa. Moza kamsimamishia makuti manne. Viganja vyake vinatoa maji. Zahanati wamempaka dawa ya zambarau na kumwambia arudi baada ya wiki.

Nilidhani majirani watanitenga. Wananisalimia vizuri kuliko zamani. Wakipita kwa bibi wanasema, "Karibu nyumbani, bibi, nyumba nzuri, haina joto!" na kucheka, watu wale wale walioniletea vipande vya nguo za baba zao. Nilikuwa nikiwaona watu wazuri. Nadhani nilikuwa natazama vitambaa.

Jumatano, 13 Novemba

Mwalimu Theresia kaniuliza kama ninaandika bado. Nikasema ndiyo. Akasema, "Andika na ulichosema pale. Usiandike alichofanya Katibu peke yake." Mkali, yule mwanamke. Zamani nilidhani hana ucheshi. Alikuwa ananisubiri niache mzaha.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua ya kwanza.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Jana usiku nilikwenda na turubai la cherehani kufunika makuti ya bibi. Nikasimama mbali, nimetazama pembeni, nikasema na kigingi: "Ewe kigingi, nimeleta turubai." Hakuna kuku aliyejibu. Nikaliacha chini. Asubuhi Moza alilikuta palepale limejaa maji, bibi kalowa pembeni yake.

Jumapili, 1 Desemba

Bendera imeingia. Picha imekwisha. Katibu kasema haijapata kutokea, na kwa mara ya kwanza namsadiki. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya. Nilitamani iwe mbaya.

Jumatatu, 9 Desemba

Picha iko Lindi. Mimi sikuchukuliwa, lori lilijaa.

Ijumaa, 13 Desemba

Tumeshinda. Nafasi ya pili. Zawadi ni redio ya kijiji, itakaa ofisini kwa Katibu.

Mchana ulifanywa mkutano chini ya bati la shule, mvua imetulia. Picha ikatundikwa, imepata unyevu safarini, uji umelainika pembeni. Katibu akahutubia, kisha akasema: "Na leo namwita mbishi wetu wa mwisho! Yeye ndiye aliyetutimizia arobaini. Bibi, njoo uione nyumba yako."

Walimleta. Mikono imefungwa vitambaa mpaka kwenye viwiko, kakonda. Akasogea.

"Yangu ipi?"

Katibu akamwonyesha. Bibi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliijua kanga ya mwanawe, niliona mgongo wake ulivyoijua. Akajaribu kuibandua, vidole havikushika. Akaweka mdomo, akauma pindo kwa meno machache aliyonayo, akavuta. Ikatoka nzima, ukuta na paa.

"Bibi anakula nyumba!" mtu akapiga kelele nyuma, na mkutano mzima ukaangua kicheko. Katibu alicheka mpaka akajifuta macho. Watoto wakaanza kuimba, bibi kala nyumba, bibi kala nyumba. Naye akapita katikati yao, ile nyumba iko mdomoni kama paka aliyebeba mwanawe, akaishika njia ya Mtondoo.

Naandika yote kama nilivyoambiwa. Nami nilicheka.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua kutwa.

Jumatano, 18 Desemba

Moza alikwenda Mtondoo kumpelekea uji. Alimkuta juu ya kaburi la Mwanaima, amekufa si chini ya siku mbili. Mikono ilikuwa imeoza. Kitambaa kilikuwa bado mdomoni, Moza alikitoa akakizika hapohapo kwa vidole.

Tuliomba azikwe kando ya mwanawe. Katibu akakataa, Mtondoo si kijiji tena, hapana ruhusa ya kurudi huko hai wala maiti. Amezikwa hapa Barabarani, nyuma ya kiwanja cha mpira, kaburi la kwanza. Baada ya dua Katibu alinishika bega, akasema kwa sauti ya taratibu kabisa: "Ni heri, fundi. Kijiji chenye kaburi hakihamiki."

Alhamisi, 19 Desemba

Moza kaenda Kinjumbi kwa kaka yake. Kafunga nguo zote. Nilimwuliza atarudi lini, akasema msiba wake hajui una siku ngapi.

Ijumaa, 20 Desemba

Wageni wanakuja Jumatatu kutoka Dar es Salaam, wataonyeshwa picha. Katibu kaileta mwenyewe, kaikunjua mezani kwangu. Mahali pa nyumba ya arobaini pamebaki doa jeupe la uji, na mistari ya mapaa niliyoichora kwa korosho imezunguka pale kama fremu tupu.

"Jaza," akasema.

Ningeweza kukataa. Nimekaa nikaufikiria ukataaji huo vizuri, jinsi ungekuwa, maneno gani, nikisimama au nikikaa. Wakati nafikiri, mikono ilikuwa imeshaanza kukoroga uji.

Sina kanga nyingine ya zambarau. Nimekata kwenye shuka ya Moza, ile ya kuchujia udongo, imebaki na wekundu kidogo, inafanana na ukuta wa kweli. Paa nimelikata kwa makini zaidi ya mara ya kwanza, nimeweka mlango, nimeweka na dirisha. Imekaa vizuri. Mtu asiyejua hatajua.

Katibu alirudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa huku na huku.

"Weka na moshi kidogo jikoni," akasema. "Ionekane kuna mtu."

Nimeweka.